Mlishaji wa Kunguni wa Serikali

Mama Shuka aliijua kazi halisi ya mumewe kupitia redio, akiwa ameshika birika la chai na wageni saba wamekaa mezani.

Jina la Mama Shuka alipewa na wateja wake wa mwanzo. Nyumba yake ya wageni ilikuwa na vyumba vinane, choo kinachofungika na shuka nyeupe kiasi kwamba mgeni alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alizichemsha, akazianika, akazipiga pasi mbele na nyuma. Kila Jumatatu aliyapindua magodoro yote na kuyapekua mshono kwa mshono, kama askari anayemtafutia mtu kosa. Mdudu hakuwahi kulala bure kwake.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa na Mheshimiwa, mwenyekiti wa kamati inayochunguza matumizi ya fedha za umma.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "mnajua kodi yenu inaliwa na nani? Inaliwa na kunguni! Sisemi kwa mafumbo. Taasisi yetu ya utafiti inafuga kunguni mia nne. Na yuko mtumishi wa umma, ana mkataba, ana likizo, ana pensheni, kazi yake ni kukunja mkono wa shati na kuwapa wanywe! Sasa sikilizeni hili. Mkewe ana nyumba ya wageni!"

Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa.

Mezani, mwuza vitabu vya shule, mteja wa chumba namba tatu kwa miaka sita, aliacha kutafuna. Akamtazama Mama Shuka, akautazama mkate, kisha mkono wake ukapanda shingoni wenyewe. Akajikuna. Jirani yake akajikuna. Kufumba na kufumbua meza nzima ilikuwa inajikuna.

"Mama," mwuza vitabu akauliza taratibu, "huyo anayesemwa si baba wa hapa?"

"Mume wangu yuko kitengo cha damu."

"Naam," alisema yule bwana. "Hata hao nadhani wako kitengo hicho hicho."

Chai ilikuwa haijapoa. Wageni wote saba walifungasha wakiwa wamesimama katikati ya chumba, mbali na vitanda. Mwuza vitabu alitoka wa mwisho, begi amelinyoosha mbele ya mwili kama mtoto aliyejichafua, na alipofika getini akalikung'uta mara tatu, mtaa mzima ukitazama.

Mume alirudi saa saba mchana. Mtaani walimwita Hadubini, kwa miwani yake minene na tabia ya kusogeza kila kitu puani ndipo akisome. Alikuwa msaidizi wa maabara kwa miaka kumi na sita, mtu mpole ambaye hata mlango aliufunga kama anauomba radhi. Alimkuta mkewe getini, ameshika kiuno, beseni tupu likiwa miguuni.

"Vua."

"Nivue nini?"

"Kila kitu. Hapo hapo."

"Mke wangu, majirani watatuona."

"Majirani wamekusikia redioni. Sasa wakuone."

Dirishani juu palitokeza kichwa cha Bibi, mama mzazi wa Hadubini, mwenye miaka themanini na masikio yanayosikia anachotaka tu. "Anza na soksi!" alielekeza. "Hao wanapenda soksi. Mimi nilisema huyu asomee ualimu, baba yake akanibishia."

Hadubini alivua mpaka akabaki na chupi na miwani. Mama Shuka alimshika mkono wa kushoto, akaugeuza. Upande wa ndani kulikuwa na vidoti vyekundu, safu juu ya safu, vimepangwa vizuri kuliko herufi za daftari.

"Hivi uliniambia ni glovu zinakuwasha."

"Niliogopa."

"Kunguni?"

"Wewe."

"Mia nne wote?"

"Kwa zamu. Jumatano kwa Jumatano."

"Na serikali nzima haina mkono mwingine?"

"Damu ya kutoka benki ya damu waliikataa. Ya Daktari anayeongoza mradi waliionja wakagoma. Yangu..." Aliinamisha kichwa, lakini sauti ilikuwa na fahari kidogo. "Yangu wanaipenda."

"Hongera. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, kumbe nina wake wenza mia nne."

Bibi alicheka mpaka dirisha likatikisika. Hadubini naye, akiwa nusu uchi mbele ya beseni, akaona ajieleze. Sindano ya hospitali, alisema, ikikuingia unaijua. Kunguni anakuingizia mdomo, anakunywa dakika nane, dakika kumi, na wewe huna habari. Daktari wake anataka kujua huyo mdudu anafanyaje.

"Halafu?"

"Halafu tukijua, pengine itapatikana sindano isiyouma."

"Pengine?"

"Bado hatujui."

Angesema ameiba, Mama Shuka angejua pa kuanzia. Angesema amepata mwanamke, angejua pa kumalizia. Lakini kufukuziwa wageni kwa ajili ya "bado hatujui" kulimwacha hana la kushika. Alizikusanya nguo zote, akaziingiza kwenye maji yanayochemka pamoja na mkanda.

Wiki iliyofuata vyumba vinane vililala vitupu. Dukani, mwenye duka alipima sukari, akaifunga, kisha akaisukuma juu ya kaunta kwa rula ili mikono yao isigusane. Saluni Mama Shuka alipewa kiti cha plastiki peke yake, wenzake watatu wakabanana kwenye kochi moja. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri sana, kwa mbali, kama watu wanaomsalimia abiria aliyeko ng'ambo ya mto.

Bwana afya alikuja na tochi. Alipindua magodoro yote, akachungulia hata ndani ya viatu vya Bibi, kisha akakaa kuandika. Mama Shuka akasimama nyuma yake kusoma.

"Umeandika 'kunguni hawakuonekana'. Andika 'hawapo'."

"Siwezi, mama. Mimi naandika nilichokiona."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Basi hawapo!"

"Hawakuonekana," alisema bwana afya, akagonga muhuri.

Hata hivyo Mama Shuka aliendelea kubadilisha shuka kila siku kwenye vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia. "Unamfulia nani?" Bibi alimwuliza. Akatandika kitanda kilichofuata. Aliogopa kwamba akiacha siku moja tu, Mheshimiwa atakuwa amesema kweli.

Jumanne jioni Hadubini alimwambia kuwa kesho kamati inakuja. Mradi utafungwa, karatasi ya kuufunga imeshachapwa, imebaki saini. Yeye ameagizwa aandae maji ya moto ya kuwamwagia wadudu.

"Nitakuja kukuchemshia mwenyewe," alisema Mama Shuka. "Na huyo Daktari wako ataniandikia barua, yenye muhuri, kwamba hakuna mdudu aliyewahi kutoka humo kuja kwangu."

Kesho yake kwenye maabara alitegemea kumkuta mtu mkubwa mwenye kiburi. Alimkuta mwanamke mfupi wa makamo, koti la maabara limepauka viwiko, kisigino cha kiatu kimoja kimeliwa. Daktari alisimama, akampa mkono wote, wala hakuupangusa baadaye.

"Dada, nimekuponza," alisema. "Barua nitakuandikia. Lakini ingia kwanza ujionee, usije ukabeba karatasi ya kitu usichokijua."

Kulikuwa na mlango, kisha kijichumba cheupe, kisha mlango mwingine. Chupa zilikaa ndani ya sinia lenye maji ya sabuni, na sinia hilo ndani ya sinia jingine. Idadi ya wadudu wa kila chupa iliandikwa ukutani, asubuhi na jioni. Mama Shuka alipitisha ukucha kwenye mpira wa mlango, akapekua kona, akainama chini ya meza. Hakupata kitu, na ikamuudhi kidogo kwamba kuna mtu mwingine mjini anayejua kuwazuia kunguni kama yeye.

Daktari akamkalisha mbele ya hadubini. Mama Shuka alifumba jicho moja akijiandaa kutapika. Badala yake aliona mdomo wa kunguni: nyembe mbili nyembamba kuliko unywele, zenye meno madogo kama msumeno, zimelala ubavu kwa ubavu. Daktari akamwonyesha kwenye kompyuta picha zinazotembea: wembe mmoja unashika, mwingine unasogea, huu unashika, ule unasogea.

"Kama mtu anayepanda ngazi mbao zisilie," alisema Mama Shuka, kisha akajikumbuka kwamba amekuja kugomba.

Daktari akavuta droo. Ilijaa vipakiti, na kila kimoja kilikuwa na sindano na kikaratasi. "Hizi ndizo tulizojaribu kutengeneza. Mia sita na kumi na moja. Hii ilipinda. Hii ilikatika. Hii iliingia vizuri ikakataa kutoa damu."

"Zote mmeziharibu?"

"Zote."

"Na mnaziandika?"

"Moja moja. Atakayekuja baada yangu asirudie kuharibu hizo hizo."

Mama Shuka alitazama ile droo kwa muda. Alimkumbuka bwana afya na muhuri wake. Kumbe wapo watu wamefungwa ulimi na kazi yao, hawawezi kusema zaidi ya walichokiona hata ukiwashikia panga. Alikuwa amemdhania mumewe mwongo wa miaka mingi. Sasa aliona kwamba "bado hatujui" huenda ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyowahi kusemwa nyumbani kwake.

"Kwa nini msiombe hela kwa kampuni kubwa, mkaachana na huyu Mheshimiwa?"

"Niliomba. Wananiuliza itauzwa lini. Hakuna mfanyabiashara atakayenilipa miaka mitano nitazame mdomo wa kunguni bila kujua nitatoka na nini. Kazi ya namna hii inalipwa na watu wote au hailipwi na mtu."

Mlango wa nje ukagongwa. Kamati imefika.

Waliingia watu sita na waandishi wa habari watatu, wote wamechomeka suruali ndani ya soksi. Mheshimiwa alitangulia. Hadubini alisimama pembeni, ameshika chupa, amenyooka kama anayepigwa picha ya pasipoti.

"Ndiye huyu baba mlezi!" alisema Mheshimiwa. Macho yakatua kwa Mama Shuka, mtu akamnong'oneza. "Aa! Kumbe na mke mkubwa yupo!"

Kamati ikacheka. Mama Shuka alisubiri wamalize.

"Mheshimiwa, umenifungia nyumba."

"Ule ulikuwa utani, mama."

"Utani wako una wiki moja unalala peke yake kwenye vyumba vinane. Na haujalipa."

Mwandishi mmoja akainua kamera. Mheshimiwa aliiona, akakohoa, akamgeukia Daktari kwa sauti ya kazi. "Tuambie kwa kifupi. Miaka mitatu mmekula fedha za umma. Faida iko wapi?"

Hapo mtu mwingine yeyote angedanganya. Mama Shuka alimwombea Daktari moyoni adanganye, angalau kidogo.

"Bado hatujui," alisema Daktari.

"Mmesikia wenyewe." Mheshimiwa akachomoa kalamu.

"Samahani." Ilikuwa sauti ya Hadubini, ndogo, na wengi hawakujua imetoka wapi. "Samahani, Mheshimiwa. Kabla ya saini, ungependa kujaribu?"

"Kujaribu nini?"

"Kumi tu. Wamezaliwa humu humu, hawajawahi kumwonja mtu isipokuwa mimi, na mimi napimwa damu kila mwezi. Ukisikia maumivu, sema, waandishi waandike."

Kamera tatu zilimgeukia Mheshimiwa. Alikuwa mtu aliyeshinda chaguzi nne kwa kutoogopa kitu mbele ya watu, na asingeanza kuogopa leo mbele ya kunguni. Akacheka kwa nguvu. Akanyoosha mkono.

Mama Shuka ndiye aliyemkunja shati. Alilikunja kwa ustadi, mikunjo mitatu sawasawa. Hadubini akaigeuza chupa, mdomo wake uliofungwa kitambaa cha wavu ukalala juu ya ngozi ya Mheshimiwa.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akaziambia kamera, "mimi si mtu wa kusimuliwa. Nimekuja mwenyewe." Akaeleza juu ya barabara. Akaeleza juu ya visima. Akagusia utoto wake, alivyokwenda shule peku, na jinsi kodi ilivyo jasho la maskini. Dakika zikapita. Alianza kubadilisha mguu. Mwishowe akamwangalia Hadubini kwa hasira.

"Sasa hawa wataanza lini? Hata kunguni wa serikali ni wazembe!"

Hadubini aliinua chupa, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani, wadudu kumi waliokuwa bapa kama makapi sasa walikuwa mviringo, wekundu, wazito, na mmoja alikuwa amelala chali.

"Wameshashiba, Mheshimiwa," alisema kwa heshima zote. "Walianza uliposema 'ndugu wananchi'."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa mama mzee, mjumbe wa kamati na mwalimu mkuu mstaafu, na alicheka mpaka akatafuta ukuta. Kisha wakacheka wote, waandishi wakacheka, na Mama Shuka akagundua kwamba ile sauti ya kukwaruza aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe, hakuwa ameitumia tangu wiki iliyopita. Mheshimiwa aliutazama mkono wake, akaugeuza huku na huku, kama umekwenda mahali bila yeye.

Mwalimu mkuu alipopangusa macho, uso wake ulikuwa umebadilika. "Daktari, nina mjukuu. Akiiona sindano tu, watu wanne tunamshika. Sindano ya hospitali ingeweza kuwa hivi?"

"Ndicho tunachotafuta, mama. Siahidi."

"Kinachowakwamisha nini?"

"Ya kwetu inapinda."

Karatasi haikusainiwa siku hiyo. Ilisainiwa nyingine, ya miaka miwili zaidi, kwa masharti kumi na manne. Mheshimiwa alijikuna wiki mbili mfululizo, hata akiwa anahojiwa kwenye televisheni, kwa sababu maumivu kunguni hana lakini muwasho humwachia kila mtu. Daktari aliliandika tukio lote kwenye daftari lake kwa mstari mmoja: mwanamume, miaka hamsini na minane, hakuhisi.

Wageni walirudi mmoja mmoja, kama paka waliofukuzwa jikoni. Mwuza vitabu alikuja baada ya miezi mitatu, na shuka zake mwenyewe kwenye begi. Mama Shuka alizitoa, akazinusa, akazichemsha, na kumrudishia siku anaondoka zikiwa nyeupe kuliko zilivyonunuliwa. Bwana yule aliona aibu ya kutosha.

Nyumbani kukazuka mazungumzo mapya. Hadubini alipotoka kazini, mkewe alimwuliza kabla ya salamu, "Leo ngapi?" Naye akajibu: mia sita na hamsini. Mia saba na mbili, ilikatika. Mia saba na arobaini, iliingia ikaziba. Bibi naye alianza kuulizia, ingawa aliamini hadi mwisho kwamba mwanawe anafanya kazi kiwanda cha cherehani. Ya mia nane na tisa ilipofika Hadubini alikaa mezani, miwani imejaa ukungu. Walikuwa wameipasua sindano nyembamba vipande viwili vinavyosogea kwa zamu, hiki kikishika na kile kikienda, na ikaingia, ikavuta, ikatoka.

"Haikupinda," alisema.

Mama Shuka alimpakulia chakula, akakaa karibu naye, akaugeuza ule mkono wenye vidoti, akauweka mapajani mwake wakati anakula.

Ilichukua miaka mingine mitatu ya vipimo kabla sindano haijaingia wodini. Ilianzia kwa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, ambao hutobolewa kisigino kila siku mpaka hawana pa kutobolewa. Siku hiyo Daktari aliwaalika wote wawili. Mheshimiwa naye alifika, na wapiga picha wake na hotuba ya kurasa nne iliyoanza kwa maneno "Mimi tangu mwanzo niliamini."

Muuguzi wa wodi hiyo alikuwa mwanamke mnene mwenye miaka ishirini na sita ya kazi, hakumjali mtu. Alimwinamia mtoto wa wiki mbili aliyelala, mdogo kama mkate. Nje kidogo ya mlango alisimama mama wa mtoto, binti mdogo, ameziba masikio kwa vidole na kufumba macho, kama alivyofanya kila siku saa hiyo. Muuguzi akaiweka sindano. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshainuliwa tayari kubembeleza.

Damu ilipanda kwenye kijimrija. Mtoto alichezesha midomo, akaendelea kulala. Ule mkono wa kubembeleza ulibaki hewani, hauna kazi. Muuguzi alimtazama mtoto, akaitazama damu, akamtazama mtoto tena, na kidevu chake kikaanza kutetemeka.

Mheshimiwa alikunjua karatasi, akasafisha koo. "Ndugu wananchi..."

"Shhh!" Muuguzi aligeuka na macho yaliyojaa maji. "Nani amemruhusu huyu? Mtoto amelala. Tokeni, wewe na watu wako!"

Mheshimiwa alimtafuta mtu wa kumtetea. Daktari alikuwa anaandika. Hadubini alikuwa amemsogelea mtoto mpaka miwani inakaribia kugusa blanketi. Mama Shuka alikuwa ameshamfungulia mlango. Mheshimiwa akatoka kwa ncha za viatu, na wapiga picha wakanyata nyuma yake.

Yule mama wa mtoto hakuwa ameona wala kusikia lolote. Bado alikuwa amesimama vile vile, vidole masikioni, mabega juu, anasubiri mwanawe alie. Mama Shuka akamwendea, akamshika kidole kimoja, akakitoa sikioni polepole ili asimshtue.